Benchi Lisilobebeka

Baba yangu,

Nimekaa kwenye benchi lako nikiandika. Watu wa steji ya matatu wanasema kesho asubuhi vibanda vyote vya barabara hii vitabomolewa, na safari hii askari wa jiji wanaleta tingatinga. Mama Otieno ameshang'oa mabati yake. Muuza viatu ameondoka na mali yake yote kwa mkokoteni mmoja. Tumebaki mimi na mama, birika, sufuria, na gogo hili.

Unakumbuka siku tulipolinunua? Nilikuwa kidato cha pili. Kibanda chetu cha kwanza cha chai kilikuwa kimevunjwa, viti vyetu vya mbao vikatupwa juu ya lori tukiona. Jumamosi hiyo ulinishika mkono mpaka karakana ya fundi Mutiso, kule Kariobangi, nyuma ya wale wanaogonga masanduku ya bati. Palinukia utomvu. Ulizipita stuli na meza zake zote za magogo, ukasimama mbele ya benchi la mkaratusi uliopasuliwa katikati, magome bado yako ubavuni, miguu minene imechomekwa bila msumari hata mmoja.

"Mzee, hilo ukiliweka umeliweka," fundi alikuonya.

"Linabebwa na wanaume wangapi?"

"Wenye nguvu, au hawa wa Buruburu wa kukaa ofisini?"

Mlicheka nyote wawili. Mimi nilijificha nyuma ya koti lako, kwa sababu mafundi wengine walikuwa wananitazama.

"Basi ndilo ninalolitaka," ulisema. "Askari wakiliona wachoke kabla ya kuligusa."

Na kweli, lori liliporudi walichukua mabati, wakalisukuma benchi kidogo, wakaliacha. Ulicheka mpaka ukakohoa. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile nasikia kikohozi tu, kile kilichokuchukua.

Lakini tingatinga halichoki, Baba. Leo mama amenituma kwa fundi. Unanijua, hata kununua mkate huwa napanga maneno njia nzima. Nilisimama mlangoni mwa karakana hadi akaniona mwenyewe.

"Binti wa mzee wa gogo! Umekuja kulirudisha?"

Nilishindwa kucheka. Nilipomweleza aliacha tezo yake ya kuchongea, akaja na wenzake wawili. Walijaribu kuliinua. Halikutoka. Miguu imezama ardhini, na mti wenyewe umenyeshewa miaka yote hii.

"Njia ni moja," alisema akijipangusa jasho. "Tulikate katikati. Kila nusu nitaichomekea miguu mingine. Mtakuwa na mabenchi mawili mafupi, na mtayahamisha mnavyotaka."

Mama aligeuza uso. "Muulize huyu. Ndiye atakayeuza hiyo chai. Mimi siwezi kulisema hilo neno."

Wote wakanitazama. Niliogopa kuliko siku ya matokeo ya mtihani. Hapo katikati ndipo ulipokuwa ukikaa, na mti umelainika na kung'aa kwa sababu yako. Nikauliza kama haiwezekani kukata pembeni.

"Nikikata pembeni, upande mmoja utabaki na karibu uzito uleule," fundi alijibu kwa upole. "Huo kesho utaupoteza."

Bila benchi hakuna anayekaa kunywa chai, na bila chai sijui mama atawalisha nini wadogo zangu.

"Kata," nikasema.

"Sijasikia, binti."

"Kata!"

Nilipiga kelele mpaka watu wa steji wakageuka. Sijui kama nimefanya vizuri. Ningepata kukuuliza, ningekuuliza hilo tu.

Wamekwenda kuchukua msumeno mrefu, ule unaovutwa na watu wawili. Ndiyo maana nakuandikia haraka, likiwa bado moja. Nimekaa mahali pako, na nimeona ukikaa hapa unaiona barabara yote hadi mwisho. Nawaona wanakuja na msumeno. Mama ananiita niondoke.

Lala salama, Baba. Nainuka sasa.

Binti yako mkubwa