Tairi za Tela la Harusi

Mjukuu wangu Bakari,

Assalaam alaikum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Kile kifua kimepona? Sisi hapa Chumbageni wazima, alhamdulillahi. Mama yako yuko Maramba, anavuna mahindi.

Unaniuliza kama umtii bosi wako anayetaka ufunge tairi za gari ndogo kwenye tela la kulala wageni, lile lililo kama nyumba, kisha ulivute. Mimi niliwahi kukataa.

Nilipokuwa msichana, tulikuwa kundi la wapishi wa harusi. Siku moja tulipanda tela kwenda kupika Mwera, sisi na masufuria yetu. Nikaona dereva amefunga tairi za teksi. Baba yangu alikuwa akivuta matela ya mkonge, kwa hiyo nilijua: ubavu wa tairi hizo ni laini, zikilemewa zinayumba, zinachemka, zinapasuka. Nikashuka.

"We binti, tairi zakuhusu nini? Kazi yako sufuria!" dereva akafoka.

"Nitapika nikifika mzima."

Wenzangu walicheka, kisha wakashuka mmoja mmoja. Harusi haiendi bila wapishi, basi dereva akaenda kutafuta tairi za tela, huku akinilaani.

Tulifika jua la utosi. Shangazi wa bwana harusi akatupokea: "Mmekuja kupika au kula?" Mpaka leo wapo wanaosema niliwachelewesha bure. Waseme! Tulifika sote.

Funga tairi za tela, zenye ubavu mgumu, zinazohimili uzito wote. Bosi akikataa, mrudishie ufunguo wake. Riziki yako iko kwa Mungu, haimo mfukoni mwake.

Nijibu upesi, nijue umeamuaje.

Bibi yako,
Mwanahamisi