Sifuri Iko Mdomoni mwa Shimo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimerudisha mtihani wa fizikia, Kidato cha Tano. Naisula aliandika nishati ya elektroni ya haidrojeni ni hasi 13.6. Nilimpa sifuri. Akabisha — mbele ya darasa! Nikamuuliza: kwenu mna ng'ombe hasi wangapi? Wenzake wakaangua kicheko. Yeye, taratibu tu, akasema ng'ombe wao aliwahi kutumbukia shimoni. Sifuri ni mdomo wa shimo, madam. Aliye ndani yuko chini ya sifuri mpaka avutwe. Nikamwambia akae, hapa si zizini.

Jumatano, 8 Oktoba

Kisioki, mwalimu wa taaluma, kabandika orodha. Naisula kafeli fizikia, kapungukiwa alama mbili tu — anaondolewa mchepuo wa sayansi. Swali lile lilikuwa la alama tatu. Baba yake ameitwa Ijumaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefungua daftari langu la chuo. Mungu wangu! Mwandiko wangu mwenyewe: hasi 13.6. Na maelezo: elektroni iliyo huru, imetulia mbali na kiini, ndiyo sifuri. Iliyofungwa kwenye atomu imevutwa na kiini, imeshatoa nishati, iko chini. Kuing'oa lazima uiongezee 13.6, na hapo inafika sifuri tu.

Shimo lilelile! Nilijua, nikasahau, nikamcheka aliyejua. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo. Nimeshika simu nimpigie Kisioki. Nimeiweka chini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naisula na baba yake wako ofisini kwa Kisioki. Nimeaga kwamba nafuata karatasi ya Naisula. Naandika nimesimama, chumba cha walimu.

Baba yake, mzee Lerionka, katoka Oldonyo Sambu alfajiri. Nimemwamkia shikamoo, nikisubiri anifokee. Wapi! Ameniomba radhi — binti yake amenivunjia heshima. Kaniletea kibuyu cha maziwa. Kisha akamwambia Naisula anisalimie kama kwao watoto wanavyosalimia wakubwa. Mtoto akaja, akainamisha kichwa nikiguse, yaishe.

Nikakigusa! Nikasema nimekusamehe, mwanangu. Mimi — nimemsamehe!

Karatasi hii hapa. Nimeandika tatu juu ya sifuri yangu, kwa kalamu nyekundu, na sahihi. Kilichobaki ni kuivusha korido.

Kisioki anaita: Madam Ndeshi, umeipata?

Nimejibu bado.