Mkwe Nyuma ya Ukuta

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ugonile? Sisi hapa Ndandalo wazima, na mpunga umeanza kuchanua. Unauliza kama inatosha kusalimiana mlangoni mwa kanisa, kisha kila mtu aende kwake. Swali lako limeniamshia hasira ya zamani.

Wakati wa Wajerumani nilikuwa nimeolewa karibuni. Mila yetu ilimkataza mke kuonana na baba mkwe, na wangu alikuwa mzee wa kanisa. Basi nilisali nje, nyuma ya ukuta, hata kwenye mvua. Ndani waliimba kwamba sisi sote ni ndugu. Hakuna aliyetoka kunitazama!

Jumapili moja mama mmoja wa kijiji cha Ikombe, aliyeleta vyungu kwa mtumbwi, alinikuta nimelowa chapachapa. Akasimama mlangoni, akafoka: “Nyie ni ndugu gani? Mimi hata vyungu vyangu nimeviweka chini ya paa!”

Wimbo ukakatika. Baba mkwe akatoka kwa mlango wa pili, tusionane, akakaa mvuani, akaagiza niingie. Tangu hapo tulipokezana kuingia, Jumapili yangu, Jumapili yake. Wale wengine walibaki wakavu, na mpaka leo wananiudhi.

Nani yuko nje ya kanisa lenu? Ukinijibu, anza na jina lake.

Bibi yako