Jeneza la Wasiorudi

Kawempe, Kampala
Novemba

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute umekaa, si umelala. Mguu unaendeleaje? Nasikia umevimba tena na wewe bado unapanda mlima kwenda kanisani. Punguza, Mama. Sisi huku tunapumua, na siku hizi hiyo ndiyo afya yenyewe. Sukari tunaisikia redioni tu. Barua hii sikuipeleka posta, maana huku barua husomwa na wasiohusika. Ameibeba jirani yetu anayefanya kazi reli, na ukishaisoma itie jikoni, motoni.

Barua yako kuhusu Danieli niliipata. Uliniandikia kwa ukali nisithubutu kumpeleka mdogo wangu kwa Warumi aombewe misa, kwamba mtu akifa ameshafika mbele za Bwana wake na hakuna padri wa kumsogeza hata hatua moja. Ndivyo ulivyotulea, sijasahau. Lakini wewe uko Taita, Mama, na mimi naishi na Teresa, mke wangu Mkatoliki, anayeamini Danieli yuko toharani anatuita na sisi tumeziba masikio. Tangu wale askari wasiovaa sare wamtoe gereji mchana kweupe na kumtia kwenye buti ya gari jeupe, tumemtafuta mochari ya hospitali ya Mulago, tumemtafuta msituni wanakotupa watu. Nimegeuza watoto wa wenzangu kwa mikono hii. Wa kwetu hatukumpata.

Nikuchekeshe kidogo, kama bado unaweza. Mimi fundi wa majeneza sina kazi. Watu wanakufa wengi kuliko zamani, lakini jeneza hununuliwa na mwenye maiti, na maiti siku hizi hazirudi nyumbani. Mbao zangu zinaliwa na mchwa.

Basi padri wa hapa akaja bandani kwangu. Alitaka jeneza moja kwa misa ya marehemu wote. Wenzetu wana desturi hiyo: mwili usipopatikana, huweka jeneza tupu mbele ya altare, hulifunika kitambaa cheusi na kulinyunyizia maji ya baraka kana kwamba mtu yumo. Safari hii, akasema, hatasoma jina la mtu, kwa sababu hata kanisani kuna wapelelezi. Kila familia ilete nguo ya mtu wake, ziwekwe ndani, na kesho yake lizikwe.

Nililitengeneza kwa mvule niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya kabati la Teresa. Padri alisema la wote, lakini moyoni mwangu lilikuwa la Danieli na hao wengine walikuwa wageni wake. Nikaweka lile shati la buluu ulilomshonea akija huku. Kisha kwenye misa nikapiga magoti, Mama, hasira zako nimezikubali, nikaomba raha ya milele kwa wote waliokuwa mle ndani. Niliomba kwa nguvu zangu zote. Kwa mara ya kwanza tangu achukuliwe, nilipata usingizi mzuri.

Asubuhi tulirudi kuzika. Mwanamke mmoja wa kaskazini, niliyekaa naye benchi moja kwenye misa, akanishika mkono.

"Fundi, asante. Bwana yangu sasa iko na pahali ya kulala."

Nikamuuliza mumewe walimchukua wapi.

"Kambini. Wenzake walimuchukua. Alikuwa dereva ya ile gari nyeupe."

"Gari jeupe lipi?"

"Ile ya kubeba watu. Lakini yeye hakupiga mutu, fundi. Dereva tu. Asubuhi alikuwa naleta gari nyumbani, naosha buti. Mimi nilikuwa namupatia maji."

"Hukumuuliza anaosha nini?"

Akanitazama. "Wewe ungeuliza?"

Nilikwenda moja kwa moja nikafungua kifuniko. Suruali ya kaki ya mumewe, niliyomwona akiiweka kwenye misa, ilikuwa imelalia shati la Danieli. Nilitaka kuitupa nje, Mungu ananiona. Nilikuwa nimeishika tayari. Padri akanong'ona, "Fundi, wamekwisha kuombewa." Yule mjane alikuwa amesimama mbele yangu na ua mkononi, akisubiri kuliweka. Nikafunga kifuniko. Tumewazika pamoja, Mama, mwanao na dereva, katika mvule wangu.

Magari meupe ni mengi, huenda si yeye. Hilo ndilo analoniambia Teresa. Nami usiku na mchana namwona yule mwanamke akiteka maji.

Nisalimie dada yangu na wanawe, na mjomba anayekulimia shamba, na mchungaji wako, ingawa akijua niliyoyafanya hatapokea salamu. Kisha nijibu, wewe unayeijua Biblia. Uliposema maombi hayawafikii wafu nilikukasirikia. Leo nataka iwe kweli, maana kama yanafika, mimi ndiye niliyemwombea yule mtu raha ya milele. Na kama hayafiki, basi hata Danieli hakupata kitu kwangu. Niandikie lolote kati ya hayo mawili, kwa ukali wako uleule. Usiniandikie tu kwamba nimsamehe.

Ni mimi, mwanao uliyebaki naye,
Simeoni