Mpaka Mwekundu Uliorudi Makaburini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga
Ijumaa, tarehe 16 Oktoba 1998. Yameanza kuandikwa saa 3:20 asubuhi.

Jina: Kalisti Donatus Shija
Umri: miaka 41
Kabila: Msumbwa
Dini: Mkristo
Kazi: mpiga picha na mtengenezaji wa picha kwa kompyuta
Makazi: Nyasubi, Kahama mjini

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu mbele ya Koplo Marselino, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu.

Nimefanya kazi miaka kumi na saba katika duka la picha la Bwana Nazir, karibu na stendi ya mabasi. Miaka kumi na tano ya mwanzo nilikuwa chumba cha giza, nasafisha picha za harusi, za ubatizo na za pasipoti. Mwaka 1996 Bwana Nazir alinunua kompyuta. Nilijifunza mwenyewe, kitabu magotini, miezi minane. Kahama nzima hakukuwa na mtu mwingine wa kutoa doa kwenye picha bila wembe na kalamu. Naomba hilo liandikwe.

Asteria, ambaye anashikiliwa hapa kituoni tangu jana asubuhi, aliajiriwa Januari 1997 kupokea wateja. Alitoka Mwadui, ambako baba yake alikuwa fundi umeme. Kompyuta nilimfundisha mimi. Nilichokisoma kwa miezi minane yeye alikishika kwa wiki sita, tena huku anacheka na wateja.

Mwezi Juni mwaka huu kampuni moja ya kutafuta dhahabu ilituletea kazi. Walitaka slaidi za kuwaonyesha wananchi wa kitongoji cha Luhende, njia ya kwenda Geita, eneo lao la utafiti linaanzia wapi na linaishia wapi. Ramani tulikuwa tunaitengeneza kwenye programu ya picha, na slaidi ziko kwenye programu nyingine. Mimi kila ramani ikibadilika nilikuwa naibandika upya, slaidi moja baada ya nyingine, slaidi arobaini, siku nzima. Asteria ndiye aliyegundua kwamba slaidi inaweza kuunganishwa na faili la picha, ukirekebisha picha na slaidi inabadilika yenyewe. Bwana Nazir alipoonyeshwa alinigeukia akasema, "Kalisti, siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?" Kulikuwa na wateja wawili dukani. Walicheka.

Faili la ramani liliwekwa kwenye folda yenye jina LUHENDE. Ukifungua slaidi, zinakwenda kwenye folda ya jina hilo kuchukua picha mpya. Zisipoikuta, zinabaki na picha ya zamani zilizokuwa nayo. Koplo ameniuliza hapo mara mbili, na narudia: picha haipotei wala haiwi nyeusi. Inakaa ile ya zamani, na mtu asiyejua hawezi kutambua kwamba kuna kitu kimeharibika.

Jumamosi tarehe 29 Agosti Asteria aliolewa na Athanas, mtoto wa Mzee Luhende. Kitongoji kile kina jina la babu yake huyo mzee, naye mzee amerithi jina hilo hilo. Jumatatu tarehe 31 Agosti, saa 2:15 asubuhi, Asteria alifika kazini, akakaa mbele ya kompyuta, mikono akaiweka mapajani. Akaniambia, "Kaka Kalisti, hii folda siwezi kuifungua tena ikiwa na jina hili. Ni la baba mkwe." Kwetu huku mwanamke aliyeolewa hamtaji mkwe wake kwa jina. Hata mtu baki akiwa na jina hilo, atamtafutia jina la pembeni. Nikamwambia, "Badili tu." Akafuta, akaandika KWA BABA. Siku hiyo sikuwaza habari ya slaidi. Hilo ni kweli tupu, na nalisema kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Alhamisi tarehe 24 Septemba wazee wa Luhende walikuja mjini pamoja na mpima ardhi wa kampuni. Walilalamika kwamba mstari mwekundu wa mpaka umepita juu ya makaburi yao. Kampuni ikakubali mstari usogezwe ng'ambo ya mto mkavu. Asteria alirekebisha ramani siku hiyo hiyo, akaichapa kwenye karatasi, na mpima ardhi akaisaini. Slaidi hakuzigusa, kwa kuwa aliamini zitafuata zenyewe. Pia si kazi yake kuzikagua. Dukani kwetu Bwana Nazir ameweka utaratibu kwamba aliyechora hakagui, anakagua mwenzake. Mkaguzi ni mimi.

Ijumaa tarehe 9 Oktoba, saa 4:00, wakati wa chai, Bwana Nazir alitangaza mbele ya watu wote kwamba Asteria ndiye atakayekwenda Luhende na kompyuta ya kubeba, kuwaonyesha wananchi. Tena mwezi Januari atapelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nilisubiri nisikie na jina langu. Bwana Nazir akaomba sukari. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya duka, chai ikanipoa mkononi. Ulikuwa wivu. Nimeulizwa kama nilikuwa nina ugomvi naye. Hapana. Hajawahi kunikosea hata siku moja, na hilo ndilo lililozidi kuniuma, kwa sababu sikuwa na pa kumshika.

Jumatatu tarehe 12 Oktoba, saa 10:00 alasiri, nilikaa kukagua slaidi. Nilipofungua, kompyuta ilileta ujumbe kwamba mafaili yaliyounganishwa hayapatikani. Nilijua hapo hapo. Slaidi zilikuwa zinatafuta LUHENDE, na LUHENDE ilishakuwa KWA BABA. Nikaenda kwenye slaidi ya kumi na mbili, nikaukuta mstari mwekundu uko palepale pa zamani, juu ya makaburi. Dawa yake ni kufungua orodha ya viungo, kuchagua faili, na kuielekeza slaidi kwenye folda mpya. Sikufanya hivyo. Nilibonyeza sawa, ujumbe ukaondoka, nikafunga. Kwenye karatasi ya ukaguzi nikatia tiki na jina langu.

Koplo ameniuliza nilikusudia nini. Nilitaka akwame mbele ya watu. Nilitaka arudi mjini Bwana Nazir amwulize yeye kile alichoniuliza mimi. Mawe sikuyafikiria.

Jumanne tarehe 13 Oktoba, saa 5:10 asubuhi, niliitwa kwenye simu ya upepo katika ofisi ya kampuni, jirani na duka letu. Alikuwa Asteria, kutoka Luhende. Alisema, "Kaka Kalisti, nimejaribu kabla watu hawajaingia. Ramani inaonyesha mpaka wa zamani. Nifanye nini?" Sauti ilikuwa inakatikakatika lakini nilisikia kila neno. Kuunganisha slaidi alikujua, ila kiungo kilichokatika alikuwa hajawahi kukiona. Nilimjibu, "Zima, halafu uwashe tena." Akasema, "Nimeshafanya hivyo." Nikasema, "Basi rudia." Akasema, "Haya kaka, asante." Nikarudisha kile chombo kwa karani. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia maneno kumi, nikayaacha tumboni.

Yaliyotokea Luhende, kwenye darasa la shule ulikofanyika mkutano, sikuyaona, nilisimuliwa na Bwana Nazir. Asteria aliomba mkutano uahirishwe, wakubwa wa kampuni wakakataa kwa kuwa watu walishajaa. Slaidi ya kumi na mbili ilipotokea kwenye shuka ukutani, mzee mmoja akasimama akauliza, "Si mlisaini?" Asteria alianza kueleza, hakusikika. Projekta ilipinduliwa, na mpima ardhi alipigwa jiwe akashonwa nyuzi sita kichwani. Kampuni ikaja kushtaki kwamba Asteria aliweka ramani ya zamani makusudi, ili watu wa ukweni kwake wakatae utafiti.

Jana saa 9:00 alasiri Bwana Nazir alinisukumia kiti cha Asteria akaniambia, "Kaa hapa. Kazi hii sasa ni yako, na Dar utakwenda wewe." Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja tangu mwaka jana. Nikakaa. Nikafungua orodha ya viungo, nikazielekeza slaidi kwenye KWA BABA. Ilichukua dakika nne. Ramani mpya ikaja, mstari ukapita ng'ambo ya mto, umekunjwa vizuri kwenye kila kona, na kila kaburi limewekewa alama yake ndogo nyeupe. Hakuna aliyemwagiza aweke zile alama. Mimi nisingekumbuka kuziweka. Nilizitazama muda mrefu, na roho iliniuma upya, palepale kwenye kiti.

Leo saa 2:30 asubuhi askari alikuja dukani kuniita. Hapa kaunta nimeambiwa kwamba Asteria aliulizwa mara tatu folda ilikuwa inaitwaje kabla hajabadili jina, akainamisha kichwa, hakujibu, ikaonekana anaficha kitu. Hafichi. Ni jina la mkwe wake, na hatalitamka hata mkimweka mwezi mzima. Nimesomewa pia maneno aliyoyasema baada ya hapo: "Muulizeni Kaka Kalisti, ndiye aliyekagua. Yeye hawezi kunisingizia."

Sisemi haya kwa sababu wivu umekwisha. Haujaisha. Akitoka leo akakaa tena kwenye kompyuta nitamwonea wivu kesho. Lakini nimesomewa maneno yale na nimekosa pa kuyaweka. Folda ilibadilishwa kwa heshima. Aliyejua kosa na kulinyamazia mara mbili ni mimi.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nimeyakubali, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: K. D. Shija

MAELEZO YA OFISA MWANDISHI

Nathibitisha kuwa maelezo haya nimeyaandika mimi kama yalivyotolewa. Shahidi alipofika kwenye habari ya tarehe 12 Oktoba nilimsimamisha, nikamwonya kwamba anayoyasema yanaweza kutumika kumshtaki yeye mwenyewe. Alijibu, "Andika." Kompyuta imeletwa kituoni na Bwana Nazir, na shahidi ametuonyesha kosa na marekebisho yake mbele ya Mkuu wa Kituo.

Asteria ameachiwa saa 7:45 mchana. Wakati anapita kaunta alimkuta shahidi amekaa kwenye benchi akisubiri uamuzi. Alikuwa hajaelezwa bado ametoka kwa maelezo ya nani. Akasimama, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, kaka."

Koplo Marselino