Alama ya Chanuo kwenye Kisu cha Babu

Kaka yangu uliye mbali,

Huku mvua haijakatika wiki nzima, nyumba inanukia udongo. Kile kisu cha kukunja tulichogombania hadi ukaondoka, nimempelekea fundi anitambulie aliyekitengeneza. Alikisugua kwa mafuta, polepole, kutu ikaachia, ikatokea alama: chanuo lenye meno matatu.

Ndiyo ileile iliyo kwenye vijiko vya bati alivyofua Bibi kwa nyundo yake! Kumbe Babu, aliyeapa kuwa kisu ni kazi ya mikono yake, alituringia bure.

Bibi hanitambui siku hizi. Nilimwekea kisu kiganjani, akakifungua kwa kidole gumba.

“Bado kinakaza kidogo,” akanong'ona. Kisha akanitazama usoni. “Mwenzako yuko wapi?”

Nimjibu nini?

Mimi, dada yako