Vyuma vya Mashua ya Kitale

Mpendwa Baba Nekesa,

Nimemaliza kazi uliyoiacha ndani ya ghala la mahindi la Kamau, huko nje ya Kitale. Ile mashua kuukuu ya tanga, aliyoirithi pamoja na shamba la babake, sasa vyuma vyake vinang'aa.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponitoa Bungoma twende tuione? Nilicheka. Mashua katikati ya magunia, mbali na maji yoyote. Ukanipa limao na kitambaa, ukaninyang'anya waya wa kusugulia sufuria. "Huu unaacha mbegu ya kutu, mama. Hiki chuma cha stenlesi kinaonekana safi, lakini kinaoza pale hewa haifiki." Kutoka hapo, kila Jumamosi tulisugua pamoja, wewe upande mmoja, mimi ule mwingine, tukipiga hadithi juu ya mbao.

Kisha wewe na Kamau mkaipeleka Ziwa Victoria kuijaribu. Kamau akarudi peke yake. Alisema bamba moja linaloshika waya za mlingoti lilikatika, mlingoti ukaanguka na kukusukuma majini. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Hatukupata cha kuzika. Sokoni Bungoma niliwasikia wakinong'ona, "Ati ni fundi mwenyewe alifunga vibaya."

Kamau aliirudisha mashua ghalani, akataka kuuza vyuma vyake kama chuma chakavu. Nikamwambia, "Si uniachie kwanza."

Nikarudi ghalani. Mchana mweupe, nikisugua, nilisikia kitambaa kingine kikisugua upande wako. Nikiacha, kinaacha. Sikuenda kuchungulia. Niliogopa kukukuta, nikaogopa zaidi kutokukuta.

Halafu nikatoa kipande cha lile bamba kilichobaki ndani ya mbao. Ufa wake ulikuwa wa zamani, mweusi, umejificha mahali jicho halifiki. Mabamba mengine yote ulikuwa umeyatoa, ukayasafisha, ukayarudisha. Hilo pekee halikuwa limeguswa. Nikamwonyesha Kamau. Akakaa juu ya gunia.

"Nilimwambia hilo aliache," akasema. "Alitaka wiki nyingine. Mimi nilitaka tufike ziwani kabla ya mvua."

Nilimpa kitambaa. Tulisugua sisi wawili, na upande wako kukawa kimya. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kwetu, Tongaren huko huko Bungoma, akayasema hayo mbele ya watu wote.

Fundi mwenzako wa Bungoma alitutengenezea mabamba mapya. Tukaipeleka ziwani. Nilipanda nami. Upepo ukajaza tanga, waya zikalia, vyuma vikashika. Kamau akanyoosha kidole kuonyesha mahali ulipozama. Nikakuita Wanjala, jina lako lenyewe, ambalo sijalitamka tangu tupate mtoto. Nikaita tena. Maji yakapita tu ubavuni mwa mashua. Hapo ndipo nilipojua kwamba hutarudi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeambiwa tu.

Nekesa bado anakuwekea sahani mezani. Jioni hii nitamwambia aache. Sijui nitaanza na neno gani, lakini nitamwambia, kisha tutakula.

Lala, mume wangu. Usisugue tena.

Mkeo,
Mama Nekesa